Yai zima lilivunjwa ndani ya kahawa, na kahawa ikatoka angavu: ni nini hasa kilichoisafisha?

#1 · Mpishi wa Elgon (Mbale)

Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni mpishi katika nyumba ndogo ya wageni hapa Mbale, na kwa miaka kumi na miwili nimepika kahawa ya Bugisu kwa njia moja: maji yakichemka natia unga, naepua, nasubiri kidogo, kisha nachuja kwa kitambaa cheupe. Wiki iliyopita tulimpokea mama wa makamo kutoka jimbo la Minnesota, Marekani, na siku ya pili akaniomba nimpishe jikoni ili apike kahawa kama mama yake alivyokuwa akiipika kanisani kwao. Nikampisha.

Alipima unga wa kahawa kikombe kimoja, akavunja yai juu yake, akalifinya ganda kiganjani mpaka likawa vipande vidogo, akalitia humo humo pamoja na maji baridi kidogo, kisha akakoroga hadi akapata tope zito jeusi kama udongo wa kukandikia nyumba. Nilikaa kimya, lakini moyoni niliona kahawa yetu imeharibiwa. Tope lile akalitumbukiza katika sufuria ya maji yanayochemka. Baada ya dakika tatu hivi lilikuwa limeshikana likawa bonge moja linaloelea kama mkate uliolowa. Akaepua, akamimina kikombe kimoja cha maji baridi, na bonge likazama mbele ya macho yangu. Aliponimiminia, kikombe kilijaa kinywaji cha rangi ya asali, angavu kiasi kwamba niliona ua jekundu lililochorwa ndani, chini kabisa, ua ambalo sikuwahi kuliona kikombe kikiwa na kahawa tangu vikombe vile vinunuliwe. Ladha yake ilikuwa laini, haina ule ukali unaokwaruza koo, wala haikunuka yai hata kidogo.

Nilimuuliza yai linafanya kazi gani, akasema ndivyo walivyofundishwa. Naomba mwenye kujua anieleze: ni ute, ni ganda, ni yale maji baridi ya mwisho, au ni jambo jingine?

#2 · Mzee wa Dele (Old Kampala)

Salaam, mama. Jibu umelitaja mwenyewe: ni maji baridi. Nimeuza kahawa chungu kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Mombasa nilikozaliwa, kisha hapa Kampala, na dele langu, yaani birika langu la shaba la kahawa, halijawahi kuonja yai. Kahawa inapochemka, mashapo hupanda na kushuka pamoja na maji, kwa hiyo hayapati mahali pa kukaa. Ukinyunyiza maji baridi kidogo, mchemko unakatika, na maji hayo, kwa kuwa ni mazito kuliko ya moto, yanateremka hadi chini yakiyakokota mashapo. Baada ya hapo kazi inabaki kwenye mkono wa mmiminaji. Dele huinamishwa mara moja, likajaza vikombe vyote vilivyopangwa, ndipo likarudishwa jikoni. Anayeliinamisha na kulisimamisha kila kikombe anayaamsha yaliyolala.

Marehemu mjomba wangu aliongeza jambo moja. Alikuwa akikata kipande cha kilifu cha mnazi, kile kitambaa cha asili kinachoshika makuti machanga, akakiosha na kukisokota ndani ya mdomo wa birika. Huo ndio uchujaji tuliourithi pwani, na hauna gharama.

#3 · Mwalimu wa Kemia (Jinja)

Mzee wangu, sikatai kwamba maji baridi yanasaidia, lakini hayawezi kueleza jambo alilolisimulia mleta uzi, kwamba unga ulishikana ukawa bonge. Maji hayafungi unga. Kinachofunga ni ute.

Ute wa yai ni maji na protini, na protini hizo huanza kuganda zikifikia takriban nyuzi 62 za joto. Zinapoganda hujisuka kama wavu, na wavu huo hunasa chembe ndogo ambazo kitambaa cha jikoni kinazipitisha. Si hivyo tu. Protini hupenda kushikamana na tanini na jamaa zake, yaani zile dutu zinazokausha ulimi ukinywa chai iliyokolea. Ndiyo maana watengenezaji wa mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa, wamekuwa wakitumia ute wa mayai matatu hadi sita kwa pipa moja la lita 225 ili mvinyo ung'ae na upungue ukakasi. Kwa hiyo yai limefanya kazi mbili kwa wakati mmoja: limenasa chembe na limepunguza ukali. Ganda nalo ni kalsiamu kaboneti karibu lote, dutu ile ile ya chokaa mawe, na hiyo hupoza asidi. Mimi naona maswali yako yote matatu yamejibiwa na yai.

#4 · Dereva wa Malaba

Nawasalimu nikiwa foleni mpakani. Kahawa ya yai naifahamu kwa kusikia kuwa ni ya Vietnam, na huko wanaipenda kwa sababu inakuwa nzito kama uji wa maziwa. Huenda huyo mama wa Minnesota aliipata kwa majirani Wavietnam, kwa maana Marekani wamo watu wa kila taifa.

#5 · Nakato Mwonjaji (Masaka)

Dereva, hizo ni kahawa mbili zisizo na undugu. Ile ya Hanoi ilianza mwaka 1946, wakati maziwa yalipoadimika, na hutumia kiini kilichopigwa pamoja na sukari hadi kikafura, kisha kikawekwa juu ya kahawa nzito. Hiyo haisafishi kitu, inaongeza uzito. Ya mama wa Minnesota inaelekea upande wa pili kabisa.

Sasa nizungumze kuhusu kazi yangu. Mimi huonja kahawa kwa mnunuzi mmoja hapa Masaka, na kila siku namimina maji ya moto juu ya unga mkavu katika bakuli kadhaa. Unga unapanda juu na kufanya ukoko. Kwa nini unaelea, wakati buni ni nzito? Kwa sababu buni iliyokaangwa karibuni imebeba hewa ya kaboni dayoksaidi ndani yake, na kila punje ya unga ina mapovu yanayoishikilia juu. Baada ya dakika nne navunja ukoko kwa kijiko, mara tatu taratibu, mapovu yanatoka, na karibu unga wote unazama wenyewe. Sitii yai, sitii maji baridi, na dakika chache baadaye kinywaji kilicho juu ni safi. Kwa hiyo nawaambia, Mzee wa Dele na Mwalimu, kwamba nyote wawili huenda mnasifia mashahidi wakati mwenye kesi ni gesi. Maji baridi yanavunja ukoko, na lile tope la yai lilikuwa limeshalowa kabla ya kuingia motoni, kwa hiyo sehemu ya gesi ilikuwa imetoka.

#6 · Mwalimu wa Kemia (Jinja)

Nakato, umeongeza jambo zuri, ila bonge la mleta uzi lilielea kwanza, likazama baada ya maji baridi. Ikiwa gesi ilikwisha kutoka, ni nini kilicholifanya lielee?

#7 · Nakato Mwonjaji (Masaka)

Mvuke na gesi iliyobaki, vikiwa vimenaswa ndani ya wavu wako, Mwalimu. Maji baridi yalipofika mapovu yakasinyaa. Unaona hapo tunahitajiana.

#8 · Binti wa Bombo

Asalaam alaikum. Nimesoma nikangoja aje mtu wa kuitaja jabana, na kwa kuwa hajaja, nitaitaja mimi. Sisi Wanubi wa Bombo tulikuja na kahawa yetu kutoka Sudan, na nyanya yangu aliipika hivi: buni mbichi zilikaangwa kwenye kikaango kidogo chenye mpini mrefu hadi zikaanza kutoa mafuta, zikatwangwa katika kinu pamoja na tangawizi kavu, zikachemshwa, kisha zikahamishiwa katika jabana, chombo cha udongo chenye tumbo la mviringo na shingo nyembamba. Jabana halisimami lenyewe. Nyanya aliliegemeza juu ya kata ya kitambaa, limelala upande kidogo, naye akatukataza kuligusa hadi aliposema. Mdomoni alikuwa amechomeka nyuzi za mtende, zile tunazoziita lifa, na baada ya miaka ya matumizi nyuzi hizo zilikuwa nyeusi tii, zina harufu ya kahawa hata zikiwa kavu. Mimi nilipewa kazi ya kuziosha. Aliniambia nizisuuze kwa maji matupu, sabuni isizikaribie kamwe.

Tazama umbo la chombo kile: mashapo yanateremkia tumboni, na shingo ikiinamishwa hupokea maji ya juu tu. Ndiyo maana nasema kinachosafisha kahawa ni chombo na subira ya mwenye chombo. Nililetewa jabana katika mgahawa mmoja hapa Kampala, mhudumu akaja nalo akilitikisa mkononi kama chupa ya dawa, akamimina papo hapo, nikapata matope. Kahawa ilikuwa nzuri na chombo kilikuwa sahihi, lakini hakuna aliyemfundisha kijana yule kwamba jabana hulazwa kwanza. Jambo hilo liliniuma sana.

Tena, Mzee wa Dele, naona kilifu chako na lifa yetu ni neno moja lililotembea njia mbili.

#9 · Mzee wa Dele (Old Kampala)

Ni neno moja, binti yangu, asili yake Kiarabu. Nyanya yako alikuwa mjuzi. Hilo la sabuni hata mimi nililiambiwa.

#10 · Dereva wa Malaba

Nashukuru kwa kusahihishwa, Nakato. Nathibitisha ya Binti wa Bombo: Juba nimenyweshwa kahawa ya jabana kando ya barabara mara nyingi, na akina mama wale huweka nyuzi mdomoni mwa chombo. Kwa Waethiopia wa Kabalagala, mtaa wa Kampala, pia nimeona jebena likilazwa juu ya pete ya majani yaliyosukwa kabla ya kumiminwa. Huko kahawa ile ile huchemshwa mara tatu kwa kuongezwa maji, na kila mzunguko una jina lake, abol, tona na baraka. Huo wa tatu ndio mwepesi na angavu kupita yote. Je, hamwoni kwamba kahawa hung'aa pia kwa sababu imekuwa nyepesi?

#11 · Mvuvi wa Kasenyi

Habari zenu. Sisi wa ziwani tuna neno la kuchangia. Katika mputa, samaki ambaye jirani zetu wa Tanzania humwita sangara, mna kile kibofu cha hewa kinachoitwa enuni, na Watanzania huita bondo. Wachuuzi hukigombea mwaloni kuliko minofu yenyewe. Tangu nikiwa kijana nimesikia kwamba kinanunuliwa ili kusafishia bia Ulaya. Kama kinasafisha bia, kwa nini kisisafishe kahawa? Mimi nadhani yai ni mbadala wa watu walio mbali na maji.

#12 · Mkaazi wa Fort Portal

Salamu kwa wote. Mvuvi amekaribia jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu, ila nianze kwa kurekebisha kidogo. Ni kweli kwamba kibofu cha samaki kilichokaushwa kimetumika kwa karne nyingi kusafisha bia na mvinyo, na zamani kilitoka hasa kwa samaki aina ya sturgeon. Lakini sehemu kubwa ya enuni inayoondoka ziwani siku hizi inakwenda China na Hong Kong, na huko huliwa kama chakula cha heshima. Bei mnayoiona mwaloni inatoka mezani kwao.

Sasa kuhusu kahawa. Nilisoma Norway miaka miwili, na mwenye nyumba wangu, bibi wa miaka themanini na kitu, aliweka kwenye kopo vipande vya ngozi kavu ya samaki aina ya chewa wa kaskazini (cod), kila kipande kikubwa kama ukucha wa dole gumba. Kwa lugha yao huitwa ngozi ya kung'azia. Alichemsha kahawa kwenye birika, akatumbukiza kipande kimoja, akaepua, na baada ya dakika chache unga wote ulikuwa umelala chini. Alieleza kwamba ngozi huoshwa mara nyingi mpaka chumvi na harufu viishe, kisha hukaushwa. Sikupata ladha ya samaki. Kwa hiyo yai si la Skandinavia yenyewe kama wengi wanavyoamini. Wahamiaji wa Skandinavia waliokwenda majimbo ya katikati mwa Marekani ndio walioliendeleza na kulifanya la kanisani, na Wamarekani wengine wa karne ya 19 nao walitumia mayai na samaki kusafishia kahawa. Karatasi ya kuchujia ilikuwa bado. Ilibuniwa mwaka 1908 huko Dresden, Ujerumani, na mama mmoja aitwaye Melitta Bentz, ambaye alichukua karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la shule la mwanawe.

Niongeze neno la afya. Kahawa ya kuchemshwa isiyochujwa hubeba mafuta yanayoitwa kafestoli, ambayo huongeza kolesteroli mwilini, na watafiti wa Norway ndio waliokuwa mbele kulionyesha hilo miaka ya 1980. Karatasi huyazuia mafuta hayo kwa kiasi kikubwa. Anayekunywa vikombe vingi vya kuchemsha kwa siku alizingatie.

#13 · Mwalimu wa Kemia (Jinja)

Ngozi ya samaki ina kolajeni, nayo ni protini. Kibofu ni kolajeni. Ute ni protini. Naona mashahidi wanaongezeka upande wangu.

#14 · Mjukuu wa Buddu

Nawasalimu, bassebo ne bannyabo. Mnahangaika kuondoa mashapo, wakati wazee wetu wa Buganda hawakuyatengeneza. Buni zilichumwa kabla ya kuiva, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu, zikakaushwa juani, na mgeni akiingia alipewa za kutafuna. Watu wawili waliofanya omukago, yaani udugu wa damu, waligawana mbegu mbili zinazolala pamoja ndani ya tunda moja, kila mmoja akala ya mwenzake ikiwa na damu ya mwenye kuitoa. Jirani zetu Wahaya wa Bukoba nao wanatafuna hadi leo. Nalisema hili kwa sababu kahawa hii haikuwa ya kuletwa. Kahawa ya aina ya robusta ni mti wa misitu yetu, na hadi sasa inaota yenyewe katika msitu wa Kibale.

Hata hivyo sitaki kukwepa swali. Tazameni tunavyokamua omubisi, yaani maji ya ndizi. Ndizi za mbidde zikiiva humenywa na kukandwa pamoja na nyasi za lusenke, na kwa muda mrefu unachoona mikononi ni uji mzito usio na dalili ya maji. Kisha ghafla unakatika, na maji angavu yanatiririka kutoka katikati ya makapi. Matoke ya kupika hayatoi maji hayo hata uyakande hadi jioni. Mbidde ni ndizi chungu, zina tanini nyingi. Basi kama Mwalimu anasema protini na tanini hushikana na kuacha maji yakiwa safi, naona mama zetu walilijua hilo kwa mikono. Katika ndizi tanini imo ndani ya tunda, na kwenye kahawa protini inaletwa kutoka nje.

#15 · Mwalimu wa Kemia (Jinja)

Mjukuu, mfano huo sikuwahi kuufikiria, nami nimekamua omubisi utotoni. Nitaupeleka darasani kesho. Asante sana.

#16 · Mzee wa Dele (Old Kampala)

Nyasi je? Kazi ya nyasi ni kuchuja, kama kilifu. Msiisahau nyasi.

#17 · Mpishi wa Elgon (Mbale)

Nawashukuru nyote. Nimeona nisikae nikisoma tu, kwa hiyo jana mchana, wageni wakiwa wametoka, nilipika sufuria nne juu ya sigiri moja, moja baada ya nyingine. Kahawa ilikuwa ya mfuko mmoja, unga kikombe kimoja na maji lita mbili kwa kila sufuria. Ya kwanza sikuitia kitu, niliepua na kusubiri dakika kumi. Ya pili nilimwagia kikombe cha maji baridi kama alivyosema Mzee wa Dele. Ya tatu nilitia ute peke yake, kisha maji baridi. Ya nne nilifanya kama mgeni wangu, yai zima na ganda.

Sufuria ya tatu na ya nne zilionyesha ua jekundu kuanzia kikombe cha kwanza hadi cha mwisho. Ya pili ilionyesha ua katika vikombe viwili vya mwanzo, kisha ukungu ukaanza, na cha mwisho kilikuwa na vumbi chini. Ya kwanza niliona wekundu bila kuona umbo la ua. Wenzangu wawili wa jikoni walionja bila kuambiwa ipi ni ipi. Wote walisema ya kwanza ndiyo kali kuliko zote, na mmoja akaipenda kwa ukali huo huo, akasema hizi nyingine ni za wagonjwa. Kati ya tatu na nne walitofautiana: mmoja alisema ya nne haina uchachu, wa pili hakuona tofauti.

#18 · Nakato Mwonjaji (Masaka)

Kazi nzuri, dada, na naisifu kwa moyo wote. Niruhusu niikague kama ninavyokagua meza yangu. Sufuria ya pili, ya tatu na ya nne ziliongezwa kikombe kizima cha maji, ya kwanza haikuongezwa. Kwa hiyo ya kwanza ilikuwa nzito zaidi tangu mwanzo, na hapo swali la Dereva katika #10 linarudi: nyepesi huonekana angavu. Pili, kahawa ile ilikaangwa lini, na ilisagwa au ilitwangwa? Iliyotwangwa kinuni ina punje kubwa pamoja na vumbi laini, na vumbi hilo ndilo linalokataa kuzama. Kuhusu ganda, dakika tatu ni chache mno kwa vipande vikubwa vya ganda kuyeyuka na kupunguza uchachu, ingawa sisemi haiwezekani.

#19 · Mpishi wa Elgon (Mbale)

Ilikaangwa kama wiki tatu zilizopita, na ilitwangwa. Hilo la maji ya ziada ni kweli, sikulifikiria.

#20 · Mzee wa Dele (Old Kampala)

Uliyamimina vipi maji baridi, mama? Yakimwagwa kwa kishindo yanachafua badala ya kutuliza. Huzungushwa ukingoni, kidogo kidogo, na kikombe kizima ni kingi mno. Mimi hutia yanayojaa kiganja.

#21 · Muuguzi wa Arua

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Hakuna aliyeuliza kuhusu maji yenyewe. Huku kwetu West Nile, na ng'ambo Sudan, akina mama husafisha maji ya mto yenye tope kwa mbegu za mlonge zilizopondwa. Mbegu hizo zina protini inayovuta chembe za udongo zikashikana na kuzama, na baada ya saa moja au mbili maji yanaonekana chini ya mtungi. Kando ya Nile huko Sudan wametumia pia aina fulani za udongo kwa kazi hiyo hiyo. Maji yakiwa na tope lake, kahawa haitang'aa kwa yai wala kwa dele. Naomba mleta uzi atueleze kama alitumia ya bomba, ya mvua au ya kisima, kwa maana ya kisima huwa na chokaa, na chokaa nayo hugusa ladha ya kahawa.

Kiafya, yai lililochemka dakika tatu ndani ya maji halina shida, mradi lisiwe la zamani na ganda lioshwe kabla ya kupondwa.

#22 · Dereva wa Malaba

Yai moja sasa ni shilingi 500 za Uganda dukani, na lisilo na ufa. Kwa muuza kahawa wa barabarani hilo ni faida yake yote kwenye birika. Tena nauliza, hii arabika ya Bugisu si ndiyo kahawa ya asili ya Uganda? Mjukuu wa Buddu amesema robusta.

#23 · Mjukuu wa Buddu

Ssebo, robusta ndiyo ya asili hapa. Arabika asili yake ni Ethiopia, na mbegu zilizopandwa kwetu zililetwa mwanzoni mwa karne ya 20, nyingine kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Ikapata makao mazuri Elgon na Rwenzori kwa sababu ya baridi ya milimani. Hata hivyo sehemu kubwa ya kahawa tunayouza nje ni robusta. Nayo ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na uchungu wake pia ni mkubwa zaidi. Mpishi akitaka kujua nguvu ya yai kweli, ajaribu robusta ya kwetu, ile kiboko iliyokaushwa na maganda yake.

Jambo jingine nilitaka kulisema tangu mwanzo. Nyanya yangu wa Masaka hakula yai maisha yake yote, kwa sababu zamani wanawake wa Buganda walikatazwa mayai na kuku. Nilimsomea uzi huu jana jioni. Alinisikiliza hadi mwisho akauliza kama yule mama wa Marekani anazo kuku nyingi.

#24 · Binti wa Bombo

Mpe salamu nyanya. Kwake yeye nitapeleka jabana na lifa, bila yai.

#25 · Mvuvi wa Kasenyi

Mpishi, nimekutumia kwa basi ngozi ya mputa niliyoichuna mwenyewe, isiyo na nyama wala magamba, na kipande kidogo cha enuni kavu. Kama Norway wameweza, tujue kama samaki wetu naye anaweza. Mwalimu asidai ushindi kabla hatujaona.

#26 · Mwalimu wa Kemia (Jinja)

Nitangoja, Mvuvi. Naomba tu pawepo na sufuria ya ganda peke yake, bila ute, ili neno langu kuhusu asidi lisimame au lianguke.

#27 · Mpishi wa Elgon (Mbale)

Ngozi imefika. Nimeiosha mara nne kwa maji na limau, nimeianika juu ya bati tangu asubuhi, na nimemweka mtoto wa jirani afukuze paka. Safari hii nitatumia maji ya mvua, na kila sufuria itaishia kuwa na kiasi kimoja cha maji. Nakato anatuma robusta iliyokaangwa juzi na kusagwa kwa mashine. Mzee wa Dele amekubali kunipigia simu wakati wa kumimina, anihesabie taratibu. Sufuria ni sita: tupu, maji baridi, ute, ganda, ngozi na enuni. Vikombe sita vyenye ua jekundu nimevipanga dirishani, ambako mwanga wa asubuhi ni mzuri.